Dakika Moja Kwenye Kaseti ya Mama Kapinga

Masengo mwanangu,

Umetoka sasa hivi na mototaksi kwenda kuwaaga rafiki zako wa mtaa wa Dilala, na mimi nimefunga mlango wa karakana mapema. Nimeandika kwa chaki kwenye kibao kwamba leo hakuna kazi. Nimekaa kwenye meza yetu, upande wako, si upande wangu, kwa sababu upande wako una mwanga mzuri zaidi na nilikuachia siku zote bila kukwambia. Kesho asubuhi basi litakuchukua mpaka Lubumbashi, kwenye shule yako ya elektroniki, na mimi nitarudi hapa kutengeneza simu na redio za watu peke yangu.

Sitakuandikia namna ya kupika wala saa ya kulala. Tantine Odile utakayekaa kwake amelea watoto saba na mdomo wake haupumziki, atakwambia mwenyewe. Habari za wavulana nimeshasema na ukanicheka, basi yameisha. Nataka kukueleza jambo moja nililokuficha. Mara nyingi tulipokuwa tunalehemu pamoja lilinifika mdomoni nikalimeza. Ni jambo la nkambo wako Kasongo, yaani Tata, baba yangu mimi, la mama mmoja aliyeitwa Kapinga, na la kosa nililofanya nilipokuwa na umri kama wako wa leo.

Nianze na macho ya Tata, maana kama macho yake yangekuwa mazima, mimi nisingekuwa fundi na wewe usingekuwa unaenda Lubumbashi.

Tata yangu alikuwa mtu wa vipimo. Kampani ya shaba ilimweka kwenye chumba cha kutengeneza mita na saa za mashini, na alikuwa anavaa koti jeupe kama daktari. Kazi ilipoanguka na watu wakarudishwa nyumbani, yeye alibeba koti lake na chuma chake cha kulehemu, akaanza kutengeneza redio kwenye barza ya nyumba yetu, kule Dilala, kwenye zile nyumba za kampani ambazo milango yake ilifanana mpaka walevi walikuwa wanaingia kwa jirani na kuomba chakula. Mama yangu alikuwa ameshafariki. Tulikuwa wawili tu, yeye na mimi, pamoja na redio za mtaa mzima.

Ninaikumbuka ile barza kwa pua kuliko kwa macho. Etani, ule uzi laini wa madini unaoyeyuka ukiguswa na chuma cha moto, ulikuwa unatoa moshi mtamu kidogo, kama utomvu wa mti. Mpaka leo, ukiwasha chuma asubuhi wakati mimi bado nafagia, moshi ule ukinifika ninakuwa na miaka kumi na mitano, na Tata yuko nyuma yangu anakohoa. Meza yake ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili. Kitasa hakikuwahi kutolewa. Tulikuwa tunaning'iniza bisibisi pale.

Kisha macho yake yakaanza kufunikwa na ukungu mweupe. Hakusema kitu. Nilijua siku nilipomwona amekamata rezistansi, kakipande kale kadogo kenye miguu miwili na pete za rangi, anakageuza kwenye jua, anakasogeza puani, anakarudisha mezani. Akaniita.

"Ngoie, kuya unisomee rangi."

Nikaenda. Nilifikiri ni kazi ya siku moja.

"Iko na rangi gani?"

"Kahawia, nyeusi, nyekundu."

"Kahawia njo moja. Nyeusi njo zero. Nyekundu inakuambia, weka zero mbili nyuma. Sasa iko ngapi?"

"Elfu moja."

"Elfu moja nini? Mihogo?"

"Elfu moja om, Tata."

"Njo hivyo. Hii inapunguza umeme. Umeme ikitaka kupita mbio, yeye anasema, polepole. Bila yeye, bengine bote banaungua."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi hii, mwanangu, si kwa kitabu. Nilikuwa macho ya Tata. Na kwa kuwa hakutaka macho yasiyojua yanachokiona, alinieleza kila kitu nilichomsomea. Kondansateri, lile pipa dogo, lilikuwa linakunywa umeme na kukaa nao. Aliniambia mara kumi kwamba televisheni iliyotolewa kwenye plagi bado ina umeme ndani ya tumbo la kondansateri kubwa, na kwamba lazima kwanza niutoe kwa kuunganisha rezistansi nene kati ya miguu yake miwili. Mara ya kumi na moja sikungoja. Nilirushwa nikaangukia mapipa, na mkono wangu ulikufa ganzi mpaka jioni. Tata hakunigombeza. Alinipa chai yenye sukari nyingi akauliza ni mguu upi niliougusa, kana kwamba hiyo ndiyo ilikuwa habari muhimu.

Diodi niliipenda kwa sababu haina maneno mengi. Ina pete upande mmoja, na umeme unapita kwenda upande wa pete. Ukitoka upande wa pete, haupiti. Pasta angeweza kufanya mahubiri marefu juu ya kitu kama hicho. Tata yeye alisema tu, "Huku inapita, huku haipite," na siku nilipoziweka diodi nne kinyume, fuzi ilipasuka na paka akakimbilia juu ya nyumba. Tranzistori ndiyo iliyomfanya Tata azungumze kama mtu anayemsifu mwanawe. Miguu mitatu. Umeme kidogo unaingia kwenye mguu mmoja, na kwa huo kidogo unafungua njia ya umeme mwingi kwenye miguu ile mingine miwili. Alikuwa anaikamata kati ya kidole na dole gumba na kusema, "Wimbo inafika mu antena inachoka, haina nguvu. Huyu mudogo njo anaibeba mpaka mu masikio ya watu." Na mistari ya shaba kwenye plaketi, ule ubao mwembamba unaobeba vipande vyote, alikuwa anaipapasa kwa ukucha. Alisema hiyo ni shaba ya kwetu, ilienda ng'ambo nene kama mkate ikarudi nyembamba kama karatasi ya sigara.

Sasa nifike kwa Mama Kapinga.

Alikuwa anauza samaki wa chumvi sokoni, na nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Wazee wake walitoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi, na mume wake pia alikuwa mtu wa mgodi, lakini mbali, Kisenge, kwenye madini ya manganezi. Mume alikuwa anarudi mara chache sana. Mama Kapinga hakujua kusoma, kwa hiyo mume hakumwandikia barua. Alikuwa anazungumza ndani ya kaseti na kumpa dereva wa lori. Mama Kapinga alikuwa anasikiliza siku mbili au tatu, kisha anabonyeza na kujibu juu ya kaseti ile ile, anairudisha kwa dereva. Kaseti moja ilienda na kurudi miaka mingi, na kila jibu lilifuta barua iliyotangulia. Hawakuona shida. Kulikuwa na nyingine njiani kila wakati.

Mume alikufa Kisenge baada ya kutuma kaseti ambayo mke hakuwa ameijibu bado. Hiyo ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani.

Siku moja asubuhi alikuja kwetu amebeba radiokaseti yake kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa.

"Tata Kasongo, hii mashini inavuta sauti ya bwana yangu. Inakuwa kama sauti ya mulevi. Na bwana yangu hakukunywa."

Tata akaomba kusikia. Akabonyeza, na kweli sauti ilitoka nzito na ya kuburuta, na nyuma yake kulikuwa na mngurumo. Lakini maneno ya kwanza niliyasikia vizuri. Yalikuwa jina lake. "Kapinga. Kapinga wanyi." Kapinga wangu, kwa lugha yao. Aliita mara mbili, akanyamaza kidogo, kama mtu anayengoja aitikiwe, ndipo akaanza habari.

Mama Kapinga alituachia mashini na kaseti. Alipofika kwenye ngazi aligeuka. "Tata, kaseti njo ile moja tu."

"Najua, mama."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mkanda wa mpira unaozungusha kaseti ulikuwa umelegea, tukaubadilisha. Mngurumo ulitoka kwenye kondansateri ya umeme iliyokuwa imekauka ndani. Nilisoma namba zake, Tata akatafuta nyingine kwenye kopo lake kwa vidole, mimi nikalehemu, yeye akakagua kila kiungo kwa ukucha, akabonyeza kidogo kusikia kama mngurumo umekwisha, akarudisha kaseti mwanzo. Tukala. Tata akaenda kujilaza kidogo, akaniambia, "Ijaribu yote. Redio haiyapona mpaka kila bouton imejibu."

Kwa majaribio tulikuwa na kaseti yetu ya kijivu, isiyo na karatasi. Ya Mama Kapinga pia ilikuwa ya kijivu, isiyo na karatasi. Nilikuwa nimezilaza zote mbili mezani, moja kando ya nyingine, na sikuweka alama. Nyuma ya kila kaseti, kama utawahi kuiona, kuna kijino kidogo cha plastiki. Kikivunjwa, mashini inakataa kurekodi juu yake. Mimi nilijua. Kazi ya kwanza kabisa, kabla ya kugusa hata parafujo moja, ingekuwa kumwomba yule mama ruhusa ya kukivunja. Sikufanya. Nilichukua kaseti moja, nikaiingiza, nikabonyeza pamoja vitufe viwili, zile bouton za Tata, cha kuchezea na kile chekundu, ili nijaribu kurekodi, na nikaanza kumwigiza mtangazaji wa redio. Nilitoa habari za Kolwezi. Nilitangaza kwamba Ngoie binti Kasongo ameteuliwa kuwa waziri wa redio zote zilizokufa. Nilijichekesha sana. Nilipomaliza nilirudisha nyuma nikasikiliza.

Sauti yangu ilitoka safi. Utangazaji, uwaziri, kicheko. Kisha kitu kikagonga kidogo, tak, na mwanamume akaendelea kusema katikati ya neno, kwa utulivu, habari za mvua ya Kisenge.

Nilifunga mashini.

Unajua namna inavyofanya kazi. Ukibonyeza kurekodi, kuna kichwa kinachofuta kwanza, na kichwa kingine kinaandika nyuma yake. Kilichofutwa hakikai mahali popote, huwezi kukichimbua. Mimi pia nilijua, na bado niliirudisha nyuma na kusikiliza tena, mara tatu, labda jina lile litakuwa chini ya sauti yangu. Halikuwapo. Dakika moja ilikuwa imekwenda.

Hapo ndipo ningeweza kumwamsha Tata. Chumba chake kilikuwa hatua sita kutoka mezani. Badala yake nilitaka kuiondoa sauti yangu, ili isionekane ni nani. Nilifunika tundu la kurekodia kwa kitambaa, nikabonyeza tena, nikaacha mashini iandike ukimya juu ya ujinga wangu. Nikasimamisha mapema, kwa kuogopa kumla yule mwanamume neno lingine. Sikusikiliza tena. Nilifuta meza, nikapika kahawa.

Mama Kapinga alikuja jioni ile, kabla jua halijashuka. Tata alikuwa ameamka na alifurahi, maana kazi ilikuwa nzuri. Alibonyeza mwenyewe, kwa heshima, akakunja mikono. Ikatoka shiii. Ikaendelea, shiii. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha mgeni mkononi.

Yule mama aliinamisha kichwa karibu na mashini. Kisha akasema polepole, "Tata Kasongo, jina yangu iko wapi?"

Tata hakuelewa. Akapapasa vitufe. "Namna gani, mama?"

"Anaanzaka na kuniita. Jina yangu iko wapi?"

Mwanangu, nilimwona Tata akiinua mikono yake yote miwili na kuitazama kwa macho yale yasiyoona vizuri. Akafunga mashini. "Mama," akasema, "nazani njo mi. Nilijaribu asubuhi, kisha macho yangu... Nilifinya bouton ya mubaya. Njo mi, mama. Unisamehe."

Mama Kapinga hakupiga kelele. Alichukua radiokaseti yake, akaifunga ndani ya kitenge, akaondoka bila kunywa kahawa. Nilibaki na kikombe.

Tata akapapasa kiti chake, akakaa. Kisha akaniita.

"Ngoie. Asubuhi, ile saa nilikuwa najaribu, uliniona? Nilifinya ya nyekundu?"

Alikuwa ananiuliza kama macho yake. Nilikuwa nimemsomea kila rangi kwa miaka mitatu, na hakuwahi hata mara moja kusema, una hakika?

"Sikuona, Tata," nikasema.

Uongo wa kwanza ungeweza kuitwa woga. Huu wa pili sina jina lake.

Kesho yake hakuja mezani. Alisema amechoka. Keshokutwa alimwambia mteja, "Uliza binti yangu," na wiki iliyofuata alinipa chuma chake cha kulehemu, kile chenye mpini wa mbao alioutengeneza mwenyewe. "Kamata. Kazi ni yako sasa. Mikono ya mutu ikianza kuharibu bitu bya watu, anaacha." Akatoa kiti chake nje, akakiweka karibu na njia, akakaa pale kutazama malori, yaani kuyasikiliza, kwa maana alikuwa anayajua kwa mngurumo. Hilo linaenda Fungurume, lina mzigo. Hilo linarudi, ni tupu.

Nami nikawa fundi. Watu walinisifu: msichana anatengeneza redio! Nilinunua multimita, nilijifunza televisheni, halafu simu zikaja nikajifunza simu. Nilimjua baba yako kwa sababu alileta redio ya lori lake. Nilihamia kwake, mtaa wa pili, na kila asubuhi nilirudi kwenye barza ya Tata kufanya kazi, nikipita mbele ya kile kiti. "Jambo, Tata." "Jambo, fundi." Aliniita fundi kwa moyo mweupe kabisa. Miaka minne.

Sikuwa mtu mwenye huzuni miaka ile, nisikudanganye. Nilicheka, niliimba kwenye kwaya, niliolewa. Unaweza kubeba kitu kama hicho na kula vizuri. Hilo ndilo lililonitisha baadaye.

Kisha nikapata mimba yako. Mimba ilipofika mwezi wa saba, siku moja, Tata alinitazama tumbo, au alitazama upande ambao tumbo lilikuwapo, akatabasamu. "Huyu, utamufundisha weye. Mi siwezi. Mikono yangu ilinipatisha haya mbele ya watu."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja sokoni. Sikurudi nyumbani kuchukua hata kitambaa cha kichwa.

Mama Kapinga alikuwa anapanga samaki wake. Nilisimama mbele ya meza yake na tumbo langu.

"Mama, nakuya kukuambia neno ya ile kaseti."

"Neno gani?"

"Haikuwa Tata. Njo mi nilifinya."

Aliendelea kupanga. "Najua."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akachukua samaki mwingine, akamfuta chumvi.

"Mbele ya bwana yangu kuanza kusema, kuko mutoto mwanamuke anacheka. Kidogo tu, ha! Kisha bwana yangu anaendelea na mvua yake. Ni kicheko yako, Ngoie. Nilikuwa nakusikia kila asubuhi ukienda kuchota mayi. Nitakosaka kuijua?"

"Sasa juu ya nini hukusema?"

"Tata yako alisema ni yeye. Mutu muzima kama ule, nitamuambia, unabeya, unadanganya? Na weye ulikuwa unasimama pale na kikombe. Nilisema, acha, atakuya yeye mwenyewe." Hapo ndipo akaniinulia macho. "Nilizani itakuwa juma moja."

Nikaanza kulia na kuomba msamaha. Alinikatiza, si kwa ukali.

"Mi nilipoteza jina. Tata yako alipoteza kazi. Kwangu unatafuta nini? Enda kwake."

Nilienda. Tata alikuwa kwenye kiti chake. Nilikaa chini, kwenye vumbi, kwa shida ya tumbo, nikamweleza yote kwa mpango: kaseti mbili, utangazaji, kitambaa, kicheko. Malori mawili yalipita na hakusema yanaenda wapi.

"Nilikuuliza," akasema mwishowe. "Unakumbuka?"

"Nakumbuka, Tata."

"Na ulisema nini?"

"Nilisema sikuona."

Akainamisha kichwa. "Myaka ine," akasema. "Myaka ine nilikuwa naogopa hata kukamata kikombe mbele ya watu." Kisha akaniambia nirudi kwa mume wangu, na sauti yake ilikuwa ya mtu nisiyemjua.

Siku tatu hakusema nami. Nilifika kila asubuhi, nikasalimu, hakuitika. Siku ya nne nilikuwa nalehemu antena nikasikia kiti kinaburutwa. Alikuja huku mkono wake ukifuata ukuta, akakaa kando yangu, akanyoosha kiganja juu ya meza.

"Leo tunatengeneza nini?"

Hakusema amenisamehe. Sijui kama alisema moyoni. Mikono yake ilikuwa imesahau, ilitetemeka, na siku ile ile aliunguza dole gumba akatukana kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Lakini ukucha wake ulikuwa bado unajua kiungo kibaya. Alifanya kazi nami miaka miwili na miezi kadhaa, mpaka alipofariki. Wewe ulikuwa unakaa kwenye mapaja yake ukinyonya vitufe vya redio. Nakumbuka kicheko chenu wawili, wewe na yeye, wakati mnavuta kaseti iliyoharibika kama utepe barza nzima. Zile zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizozijua katika kazi hii. Zingeweza kuwa miaka sita. Mimi nilimpa miwili.

Mama Kapinga naye alikuja tena, baada ya Tata kufa, mtoto wake alipomnunulia simu. Alitaka kaseti ihamishwe kwenye kadi ya simu. Nilimwambia naweza kuukata ule ukimya wa mwanzo, na kile kicheko. Alifikiri. "Usikate kitu," akasema. "Nilishazoea." Sikumtoza, na hakushukuru, na nadhani hiyo ilikuwa sawa.

Sasa nieleze kwa nini nakuandikia leo.

Juma lililopita, mzee wa kwaya alileta amplifaya, na wewe ukaweka kondansateri kinyume, ule mstari mweupe wa upande hasi ukaangalia upande chanya. Ilipasuka wakati mzee mwenyewe amesimama pale, moshi ukajaa. Mimi nilikuwa natoka jikoni. Kabla sijauliza ulisema, "Ni mimi, tata. Niliiweka kinyume. Mama hakuwapo." Na mimi nikakugombeza mbele yake. Nilisema maneno makali, kwamba fundi gani haangalii mstari, kwamba huko Lubumbashi watakucheka. Kisha nikatoka nikaenda nyuma ya nyumba, na nilipochelewa kurudi ulifikiri nimekuonea aibu. Nilikuona usoni jioni ile. Hukula vizuri.

Masengo, nilikuwa nalia kule nyuma, na sikuwa nalia kwa ajili ya amplifaya. Ulisema kwa pumzi moja kitu ambacho mama yako alikisema baada ya miaka minne. Hukutazama kwanza kama mzee amekasirika. Sikukufundisha mimi, maana sikuwa nacho cha kufundisha. Sijui ulikitoa wapi. Ningepaswa kukukumbatia pale pale kwenye moshi, na badala yake nilipiga kelele, kwa sababu niliona haya mbele ya mtoto wangu. Unisamehe.

Huko shuleni watakufundisha kwa hesabu mambo ambayo mimi na nkambo wako tuliyajua kwa vidole. Utanipita, na utarudi kunieleza kwa nini vitu vinafanya vile nilivyozoea kuona vikifanya. Nitakusikiliza kama mwanafunzi. Utaunguza vitu, na vingine vitakuwa vya watu wanaovipenda. Sina dawa ya hilo.

Nasikia mototaksi inapunguza mwendo barabarani, labda ni wewe. Nitaikunja karatasi hii na kuiweka ndani ya kitenge cha bluu, katikati ya mfuko, ili usiikute kabla basi halijavuka mji. Ukimaliza kusoma na ukaona kwamba unanikasirikia kwa ajili ya nkambo wako, una haki. Lakini unipigie simu, uniambie wewe mwenyewe, siku hiyo hiyo.

Mama yako,
Ngoie
Kolwezi